Kabla hujalipia hema, kagua fito

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Shabani,

Salaam nyingi, na shemeji na watoto wasalimie. Picha za yale mahema mawili ya Kariakoo nimezipata. Chukua lile la kuba. Ila usitoe hela kabla hujazitoa fito kwenye mfuko wake ukazitazama moja moja, maana ubovu wa mahema ya bei rahisi hujificha hapo.

Lile jingine, refu kama pipa lililolazwa, si baya. Lina nafasi kubwa kwa uzito mdogo, na mabegi yanapata kibaraza mlangoni. Kasoro yake ni kwamba halisimami lenyewe: ng'oa vigingi vya mbele na nyuma, linalala chini. Kwenye udongo wa Uluguru halina neno. Mchangani Kigamboni, kusi ikivuma, kigingi chembamba kinachomoka. Huko itabidi ujaze mchanga kwenye kiroba, ukifunge kamba na kukifukia. Kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, mita 4,600 na ushee, ni mawe matupu, kigingi hakina pa kuingia. Kuba la fito 2 zinazopishana juu husimama popote, na ukitaka kulihamisha mnalinyanyua zima.

Yapo ya fito 3 au 4 zinazopishana sehemu nyingi. Kitambaa kinagawanyika vipande vidogo, upepo unakosa pa kubonyeza. Hayo ndiyo ya milimani hasa, lakini mazito na ghali. Kwa safari ya wikiendi Morogoro ni kujitesa. Kilimanjaro nako usinunulie hema: kampuni inayokupandisha huja na yake, na wanaopita njia ya Marangu hulala kwenye vibanda. La nguzo moja katikati, lililochongoka kama pia, mengi hayana sakafu wala neti. Kwa mbu wetu hawa, achana nalo.

Turudi kwenye fito. Za alumini hupinda kabla ya kuvunjika. Za faiba hupasuka kwa urefu, hasa pale kipande kinapoingia kwenye kibomba cha chuma. Ukunje ufito taratibu, tazama maungio. Ukiona vinyuzi vyeupe, rudisha, wala usipitishe kidole, vinachoma kama upupu. Unapolisimamisha, usukume ufito, usiuvute: ukiuvuta, vipande vinaachana ndani ya kitambaa. Beba na kibomba cha alumini cha sentimita 15, kipana kidogo kuliko ufito. Ukivunjika njiani, kivalishe palipovunjika, zungushia utepe wa gundi pande zote mbili.

Mvua nayo ina hesabu yake. Makuba mengi husimama chumba cha ndani kwanza, turubai la juu baadaye, hivyo manyunyu yakikuwahi sakafu imeshalowa. Hapo pipa linashinda, mengi yake hupanda yote kwa pamoja. Dawa ni kufanya mazoezi uani mpaka mikono izoee. Tandiko la chini nalo lisizidi sakafu ya hema; likichomoza, linakinga maji yanayochuruzika toka juu na kuyaleta chini ya mgongo wako. Kunja kingo ziingie ndani.

Maandishi ya "watu 4" usiyaamini. Ni wanne waliobanana kama dagaa, bila begi hata moja. Ninyi watatu chukueni hilo hilo. Asubuhi mkikuta matone ndani ya turubai, msimlaumu muuzaji, ni pumzi zenu. Acheni matundu ya juu wazi. Na kabla ya kulala kaza kamba upya, kwa sababu nailoni ikilowa hulegea, na turubai likigusa kitambaa cha ndani maji yanapita.

Kesho ukienda, nipigie picha mshono wa turubai kwa ndani. Utepe wa kuziba matundu ya sindano uwe umeufuata mshono wote, mpaka kwenye kona. Bei tutabishana naye baadaye.

Wako,
Hamisi