Massa alipwe, lakini ubingwa wa 2008 usiguswe

Mhariri,

Kila inapotajwa kwenye habari za langalanga kesi ya Felipe Massa, dereva wa Ferrari wa 2008 anayedai mahakamani London kwa sababu ya ubingwa wa mwaka huo alioukosa kwa pointi moja dhidi ya Lewis Hamilton, hakosekani mtu wa kupiga hesabu upya: futa mbio za Singapore 2008, Hamilton anabaki na pointi 92, Massa na zake 97, kombe linakwenda Brazil. Hesabu yenyewe haina kosa, ila imesahau mbio tatu zilizofuata.

Uchafu wa Singapore haubishaniwi. Nelson Piquet Jr. wa Renault aligonga ukuta makusudi, kwa mpango wa wakubwa wake, ili gari la usalama, lile linalotangulia wote polepole ajali ikitokea, litoke na kumnufaisha mwenzake Fernando Alonso, ambaye alianza wa 15 na alikuwa ameshajaza mafuta kabla ya wengine. Alonso akashinda. Massa, aliyekuwa anaongoza, aliingia gereji pamoja na kundi zima, na taa ya Ferrari ya kumruhusu kuondoka ikamwakia kijani wakati mpira wa mafuta bado umechomekwa kwenye gari. Akaondoka nao unaburuzika, akasimama mwisho wa njia ya gereji, mafundi wakaja mbio kuuchomoa. Alimaliza wa 13. Hamilton alikuwa wa tatu, akapata pointi 6. Lakini vurugu ya gari la usalama iliwakuta wengi. Taa ile iliwashwa na Ferrari wenyewe.

Baada ya usiku ule Hamilton alikuwa na 84, Massa 77, na kila timu ikapanga mambo yake kwa kuangalia namba hizo. Shanghai, Kimi Räikkönen, mwenzake wa Ferrari, alimpisha Massa ili apate nafasi ya pili. Interlagos, Brazil, kwenye mbio za mwisho Novemba 2, Hamilton aliingia akiwa na 94 kwa 87. Alihitaji nafasi ya tano tu, na ndivyo alivyoendesha, kwa tahadhari tangu mwanzo. Ondoa pointi zile 6 uone: angeingia na 88 kwa 87. Dereva anayeongoza kwa pointi moja haendeshi kama anayeongoza kwa saba. Angefika wa ngapi siku hiyo? Hakuna ajuaye, na anayesema anajua anatudanganya.

Mwisho wa mbio zile tunaujua. Massa ameshavuka mstari wa kwanza, jamaa zake wanakumbatiana kwenye gereji ya Ferrari, mvua inanyesha, na Timo Glock wa Toyota anateleza na matairi ya lami kavu. Kona za mwisho kabisa Hamilton akampita, akawa wa tano. Massa alipanda jukwaani kwao nyumbani machozi yakimtoka, akijipiga kifua. Kushindwa kwa heshima namna ile ni nadra.

Halafu, kama ni kufuta, kwa nini Singapore peke yake? Mwaka huohuo, Sepang, Massa alitoka nje ya barabara mwenyewe akiwa wa pili. Silverstone alizunguka kwenye maji mara 5. Hungaroring injini ilimfia akiongoza, imebaki mizunguko 3. Na Spa, Hamilton aliyevuka mstari wa kwanza aliongezewa sekunde 25, ushindi akapewa Massa. Katika mbio 18, pointi moja utaipata popote ukiitafuta.

Hata hivyo Massa ana dai la kweli. Mwaka 2023 Bernie Ecclestone, aliyekuwa bosi wa biashara ya langalanga, alinukuliwa akisema yeye na Max Mosley, rais wa wakati huo wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, waliujua mpango ule mwaka huohuo wa 2008 wakanyamaza. Baadaye akasema hayakumbuki mahojiano hayo. Dunia nzima ilikuja kujua 2009, Piquet alipokwisha kufukuzwa kazi, na kwa kanuni matokeo yalikuwa yameshafungwa. Flavio Briatore, bosi wa Renault, alifungiwa, mahakama ya Ufaransa ikaondoa adhabu hiyo Januari 2010, na 2024 akarudi kuwa mshauri wa Alpine, timu ya Renault hiyohiyo! Hilo linaniudhi kuliko pointi zote za Singapore.

Basi mahakama ya London ikiona viongozi walificha, wamlipe Massa fedha zake na wamwombe radhi hadharani. Pointi 98 za Hamilton ziachwe zilipo.

Msomaji wenu,
Morogoro