Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Asparagasi Nyeupe

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasalimu nyote, wa Tengeru, wa Usa River, na wale wa Ngaramtoni ambao lazima mpite Arusha mjini kubadili daladala ndipo mfike mkutanoni. Hesabu atazisoma Mhazini. Mimi nitajikita kwenye asparagasi nyeupe, mboga yetu inayoliwa chipukizi lake, maana ndiyo iliyotuletea wateja wapya na ndiyo iliyotuletea mabishano.

Kwa waliojiunga karibuni: nyeupe na ya kijani ni mmea uleule. Chipukizi likikua bila kuona mwanga halitengenezi klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, basi linabaki jeupe. Likichungulia juani tu, ncha inaanza kuwa zambarau, halafu kijani. Mteja akifungua kreti akakuta ncha za zambarau anashusha bei, na hatuna la kumjibu.

Giza tumelitafuta kwa njia mbili: tuta la udongo lenye kimo cha kama sentimita 30 juu ya kitako cha mizizi, na nailoni nyeusi iliyotandazwa juu ya pinde. Wengi walikimbilia nailoni kwa sababu kupandisha tuta ni kazi ya kuvunja mgongo. Wenye udongo wa mfinyanzi siwalaumu, kwani tuta linataka udongo tifutifu wenye kichanga. Kwenye udongo mzito au wenye mawe chipukizi hutoka limepinda.

Ila mwenye tuta ana kazi ya alfajiri. Mvunaji anapita akitafuta ufa mwembamba juu ya tuta, kwa sababu hapo pana chipukizi linalosukuma. Analifukua kwa vidole upande mmoja, anashusha kisu kirefu hadi karibu na kitako, anakata bila kugusa machipukizi jirani, kisha anarudishia udongo na kuusawazisha kwa kiganja. Asiporudishia vizuri, mwanga unaingia na la kesho limeharibika. Siku za joto hata kupita asubuhi peke yake hakutoshi, inabidi kurudi jioni.

Sasa mabishano. Chipukizi lililo gizani halijilishi. Linakula akiba iliyomo kwenye mizizi, na akiba hiyo huwekwa na yale majani membamba ya mmea yakiwa juani. Ujerumani, msimu wa kuvuna hufungwa kwa desturi tarehe 24 Juni, kisha mimea huachwa imee majani hadi baridi iingie. Peru, ambako hakuna baridi ya namna hiyo, wakulima husimamisha umwagiliaji ili mmea upumzike. Kwetu theluji iko juu Kibo, kileleni Kilimanjaro, haishuki shambani kutuambia inatosha. Basi baadhi yetu, bei ilipopanda, walifunika na kuvuna mfululizo bila kufunua. Machipukizi yakaja membamba kama penseli, na lawama zikapelekwa kwa miche. Kamati ilipita mashambani. Miche ileile kwa jirani aliyefunua inatoa machipukizi manene. Miche haina kosa.

Tunapendekeza njia inayotumika Taiwan na Thailand: kwenye kila mmea yanaachwa mashina machache yapande, yafungue majani na kuulisha mzizi, huku machipukizi mengine yakivunwa. Kwenye tuta inawezekana, kwa sababu shina linapenya juu na kupata jua wakati machipukizi mengine yamebaki ndani ya udongo. Chini ya nailoni haiwezekani. Mwenye nailoni agawe shamba, sehemu moja ivunwe na nyingine ifunuliwe ipumzike. Najua wapo watakaonuna.

Miche mipya haivunwi mwaka huu, hata kwa kuonja. Ikianzia kwenye mbegu huchukua kama miaka 2 hadi 3 kabla ya kuvuna kwa maana, na baada ya hapo shamba lililotunzwa laweza kudumu zaidi ya miaka 10. Anayetafuta ada ya shule ya Januari apande maharage machanga.

Kuhusu mzigo wa hoteli uliorudishwa: ulikaa stendi hadi mchana. Asparagasi ikishakatwa huendelea kukomaa na kujaa nyuzi, na joto linaiharakisha. Iliyo nyeupe ikiachwa kwenye mwanga huanza kubadilika rangi hata baada ya kukatwa. Kuanzia sasa hapokelewi mtu mwenye kreti wazi. Mzigo uje ndani ya deli lenye barafu, umefunikwa kitambaa kibichi, na ufike asubuhi ileile.

Mkutano utaombwa kupigia kura mambo mawili: kanuni ya kupumzisha shamba, na mchango wa kununua madeli ya chama. Fomu za kuomba miche anazo Katibu; atakayeomba aeleze kwanza udongo wake ni wa aina gani na zamu yake ya maji ya mfereji ni lini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti