Rekodi zangu zimefungiwa kisimbuzini

Mhariri,

Zamani mwenye deki ya video na kanda tupu alirekodi taarab ya Sikukuu kutoka Televisheni Zanzibar, na kanda ikazunguka mtaa mzima hapa Wete. Marekani nako, kesi ya mwaka 1984 kuhusu Betamax, deki ya kampuni ya Sony, iliamua kuwa kurekodi kipindi nyumbani ili ukitazame baadaye si kosa.

Leo kisimbuzi cha kurekodi kina diski kubwa, lakini diski yenyewe imefungwa kwa msimbo. Ichomeke kwenye kompyuta, husomi kitu. Changu kiliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Fundi akaikuta diski nzima, haina hata mkwaruzo, ila kisimbuzi kipya kikaikataa. Mwaka Kogwa, maulidi, mechi za Kombe la Mapinduzi, vyote vimo mle na havitoki.

Hofu ya wizi wa kazi za wasanii naielewa. Maduka ya kudurufu kanda tuliyaona. Basi angalau wauzaji waandike juu ya boksi, kwa Kiswahili, kwamba rekodi hazihamishiki. Mie nimeshaagizia deki ya mtumba Unguja, kama bado zipo.

Msomaji,
Wete, Pemba