Barua kwa mwanangu: kuhusu ile nguzo ya Malindi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifika salama. Safari yenu ya Malindi nimeisoma mara mbili, ingawa umenieleza zaidi habari za viazi karai kuliko za nguzo ya Vasco da Gama mliyopelekwa kuiona. Lililonikosesha usingizi ni lile la mwisho. Mwenzako kasema Wayahudi wamefukuzwa nchi nyingi mno, kwa hiyo hawakosi kuwa na kosa lao, nawe ukakosa la kumjibu. Unaniuliza: "Mama, walikosa nini?"

Nitakupa kisa kimoja tu, na kinaanzia hapo hapo uliposimama kupiga picha.

Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498. Baharia wa Ulaya akishavuka ikweta kuja huku kwetu, ile nyota ya kaskazini aliyozoea kujipimia humzamia. Hana budi apime jua, na jua halipimiki bila majedwali ya mwendo wake, siku hadi siku. Majedwali ya Wareno yalitokana na hesabu za Abraham Zacuto, mwanafalaki wa Kiyahudi, mzaliwa wa Salamanca kule Uhispania. Kitabu chake kilichapwa Leiria, Ureno, mwaka 1496. Sidhani kama mwalimu wenu alimtaja.

Huko Ureno Zacuto alikuwa mkimbizi. Tarehe 31 Machi 1492, mjini Granada, Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella walitia sahihi amri kwamba Myahudi asiyebatizwa awe ameondoka Uhispania ifikapo mwisho wa Julai. Miezi minne! Na wasitoke na dhahabu, wala fedha, wala sarafu. Padri mmoja wa zama hizo, ambaye wala hakuwapenda, aliandika kuwa mtu alitoa nyumba apewe punda, akatoa shamba la mizabibu apewe kipande cha kitambaa.

Kosa limeandikwa ndani ya amri yenyewe: eti Wayahudi wanawarudisha Wakristo wapya kwenye dini ya zamani. Hao Wakristo wapya ni akina nani? Wengi ni watoto na wajukuu wa Wayahudi walioshikiwa visu mwaka 1391, pale kasisi Ferrand Martínez alipohubiri chuki mpaka watu wa Seville wakavamia mtaa wao, na mauaji yakasambaa mji hadi mji. Ilikuwa ubatizwe au ufe. Umekubali kubatizwa, basi unaanza kuchunguzwa kama umekubali kweli.

Na wachunguzi waliingia jikoni, mwanangu. Mahakama ya kanisa ilipoanza kazi Seville, mwaka 1480, majirani na watumishi waliambiwa alama za kuangalia. Nani moshi wake hautoki Jumamosi, siku ya mapumziko ya Wayahudi? Nani kavaa shati safi siku hiyo? Nani hagusi nyama ya nguruwe? Nani kabandika chungu Ijumaa jioni, akakiacha juu ya makaa hadi kesho yake? Mimi hapa sikosi kuwapigia pasi baba yako na kaka zako kanzu za Ijumaa. Hebu fikiria mama Kadzo wa nyumba ya pili aende kunishtaki kwa pasi. Walikuwapo waliochomwa moto wakiwa hai.

Tusijisafishe na sisi. Waislamu wa dola ya Almohad walipoishika Córdoba, kule kule Uhispania, mwaka 1148, waliwatia Wayahudi shida hiyo hiyo, na Maimonides, aliyekuja kuwa mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, akakimbia na jamaa zake akiwa bado mtoto. Aliishia kwa Waislamu wengine, Misri, akawa tabibu wa wakubwa.

Turudi kwa Zacuto. Mfalme Manuel wa Ureno alitaka kumwoa binti wa wale wale wa Uhispania, nao wakamwekea sharti: kwanza awatoe Wayahudi. Desemba 1496 akatoa amri. Halafu akaona atapoteza watu wenye elimu na biashara zao, akageuza: mwaka 1497 watoto wakanyakuliwa mikononi mwa wazazi wakabatizwe, kisha wazazi nao wakabatizwa kwa nguvu. Meli za Vasco da Gama zilipong'oa nanga Lisbon Julai mwaka huo, mambo hayo yalikuwa yameshaanza. Hesabu za Myahudi zilikuwa zinakuja Malindi, na mwenyewe hana tena mahali Ureno. Alikimbilia Tunis, na huko mwaka 1504 akamaliza kitabu cha historia ya watu wake.

Mwenzako usimgombeze, huenda kayasikia kwa wakubwa. Muulize tu yule wa shati safi alikosa nini, umwache afikiri.

Sabuni na sukari nimempa mjomba wako, atapita Jumapili. Na ukiandika tena, nieleze hivyo viazi karai vya Malindi vimezidi nini vyangu.

Mamako