Swahiba, maswali yao hayaendi kama yetu

Tanga

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale uliposema mgeni alikutazama kama umemfokea, ilhali ulimuuliza tu "You want what?", niliumia. Hukumfokea. Ulisema Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza.

Sisi tukiuliza hatuipangui sentensi. "Unataka chai" na "Unataka chai?" ni maneno yale yale, sauti ndiyo inayopanda. Na "nini" hukaa palepale ambapo chai ingekaa. Mwingereza akiuliza hivyo, mara nyingi ameshangaa au hakusikia vizuri. Swali lake la kawaida hutanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya mtenda: "You are ready" inakuwa "Are you ready?" Kisaidizi kisipokuwepo, huleta "do", ndiyo maana ni "What do you want?" Ila hapo mapokezi sema "What would you like?", ina adabu zaidi. Enzi za Shakespeare mtu aliweza kuuliza "What say you?" bila "do" yoyote, leo haikwepeki.

Hiyo "do" ikishaingia hubeba wakati na nafsi, kitenzi kikuu kikabaki kitupu. Usiseme "Did you went?" "Did" imeshasema ni jana, "went" inasema jana tena. Vilevile "Does she like", si "likes". Lakini "Who called you?" haitaki "did", kwa kuwa "who" mwenyewe ndiye mtenda.

Na ukianza kwa upole, "Could you tell me...", mpangilio unarudi ule wa kawaida: "where your bag is", si "where is your bag". Kisaidizi kimeshatangulia kwenye "could", kinatosha.

Linalonikaa moyoni zaidi ni swali la kukanusha. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuliza mgeni, "Didn't you get a towel?" Akajibu "No." Nikaisikia kwa sikio la kwetu: hapana, si kweli kwamba sikupata. Nikaenda zangu. Baadaye nikamkuta mlangoni kwake ameloa, bado ananisubiri. Kwetu ukiulizwa "Hukupata taulo?" nawe hukupata, unajibu "Ndiyo, sikupata", unakubaliana na maneno ya aliyekuuliza. Mwingereza haangalii umeulizaje, anaangalia taulo: ipo, "yes", haipo, "no". Tangu siku ile mgeni namuuliza "Did you get a towel?" tu. Nawe fanya hivyo, nakusihi, hasa kwenye mambo ya dawa, malipo na saa za boti.

Umeniomba pia Kiingereza cha "Wewe ni mtoto wa ngapi?" Nimehangaika nacho siku tatu. Hawana neno moja la "wa ngapi". Uliza "Are you the eldest?", au "How many of your brothers and sisters are older than you?", kisha ongeza moja mwenyewe. Ni kirefu, lakini kinaeleweka.

Niandikie maswali unayouliza kila siku, hata yale unayoyaonea haya. Nitakurudishia yote. Mama anakusalimu, anauliza lini utavuka.

Wako wa dawati moja