Kadi ya njano kwanza, Korona baadaye

Isevya, Tabora
3 Juni 2024

Mpendwa Mama Ramadhani,

Asalaam aleikum. Huku kwetu hatujambo, mvua zimeshatuaga na vumbi limeshika zamu. Natumaini hapo Ujiji ziwa limewaacha mpumue kidogo.

Umeniuliza jambo moja. Ramadhani, miaka 17, ana dozi moja ya chanjo ya Korona ya Pfizer aliyochomwa Nairobi mwaka 2022. Zuhura, miaka 13, hana hata moja. Tarehe 29 mwezi huu wanapita mpaka wa Manyovu, wanapanda ndege Bujumbura kwenda Brussels kwa mjomba wao. Je, dozi zinatosha? Jibu ni kwamba zinatosha, hata hiyo sifuri ya Zuhura. Ubelgiji haimuulizi tena msafiri cheti cha Korona. Kitakachowakwamisha ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nawe hukuitaja popote katika barua yako.

Sikushangai, maana sheria za 2021 na 2022 zilimchanganya kila mtu, na watoto ndio walioumia zaidi. Uingereza, kwa mfano, iliwapa wenye miaka 12 hadi 15 dozi moja tu kuanzia Septemba 2021, ya pili ikaja mwishoni mwa Desemba, tena kwa sharti la kukaa wiki 12 baada ya ile ya kwanza. Wakati huohuo Hispania ilimtaka kila anayetoka Uingereza mwenye miaka 12 na kuendelea awe amemaliza dozi zote. Mtoto aliyefuata ratiba ya nchi yake bila kukosea siku hata moja akajikuta hana ruhusa ya kuingia kwa jirani. Hispania ililegeza 14 Februari 2022, wa miaka 12 hadi 17 wakaruhusiwa kuingia na kipimo cha Korona cha PCR. Umoja wa Ulaya nao ulikuwa na hesabu yake ya siku 270 za uhalali wa cheti tangu dozi ya mwisho ya awamu ya kwanza, kisha walio chini ya miaka 18 wakaondolewa kwenye hesabu hiyo. Sheria ya cheti chao cha kidijitali iliisha 30 Juni 2023. Marekani haikuwadai chanjo hiyo wageni walio chini ya miaka 18 tangu mwanzo, na kwa watu wazima sharti likaondolewa Mei 2023. Anayekwambia leo kwamba mtoto hapandi ndege bila dozi mbili anasoma karatasi ya zamani.

Dozi ya pili ya Ramadhani, basi. Mtu asikudanganye kwamba aanze upya. Dozi ya kwanza haichachi kwa sababu ya pili imechelewa. Inahesabika palepale ilipo. Mwanzoni Pfizer walisema siku 21 kati ya dozi mbili, baadaye Shirika la Afya Duniani, WHO, likapendekeza wiki 4 hadi 8, kwa kuwa nafasi ndefu ilionekana kupunguza uwezekano wa misuli ya moyo kuvimba, tatizo la nadra linalowapata zaidi wavulana na vijana wa kiume, hasa siku chache baada ya dozi ya pili. Machi 2023 WHO ikaenda mbali zaidi, ikawaweka watoto na vijana wenye afya njema kwenye kundi la mwisho kwa umuhimu. Na Marekani ilipoidhinisha chanjo mpya iliyolenga aina ya kirusi cha Korona iitwayo XBB.1.5 Septemba 2023, mwenye miaka 5 na kuendelea alihitaji dozi moja tu, awe alichanjwa zamani au la. Ingekuwa mmoja wao ana sikoseli, kisukari au pumu kali ningesema mengine, na ningekutaka umwone daktari wake kabla ya safari. Kwa kijana mzima wa afya, sioni sababu ya kumchoma kwa ajili ya safari.

Ukiamua kumchanja Zuhura hata hivyo, kuna vitu viwili vya kuangalia. Kwanza jina la chanjo. Janssen, ile ya sindano moja iliyozinduliwa nchini 28 Julai 2021, ni ya miaka 18 na kuendelea. Ikiandikwa kwenye cheti cha mtoto wa miaka 13 italeta maswali na haikumstahili. Pili kiasi. Pfizer ya miaka 12 na kuendelea ni mikrogramu 30, sawa na ya mtu mzima. Ya miaka 5 hadi 11 ni mikrogramu 10. Kinachoangaliwa ni umri siku ya sindano, uzito hauingii. Zuhura ni mwembamba, najua, lakini hapewi ya wadogo.

Cheti cha Nairobi kitunze. Shule au kambi ya vijana huko inaweza kukitaka hata kama serikali haikitaki. Kipige picha, na hakikisha jina ni lilelile la pasipoti.

Sasa homa ya manjano, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye hatari ya kuambukizwa ugonjwa huo. Tanzania haimo, sisi tuko kwenye kundi la hatari ndogo. Hapo ndipo watu wa Kigoma wanaponaswa. Mtu akiondokea Dar kwa ndege ya moja kwa moja anahesabika ametoka Tanzania, lakini watoto wako wakipandia Bujumbura wanahesabika wametoka Burundi. Wakirudi kwa njia hiyohiyo, hapo Manyovu wanaweza kudaiwa kadi ya njano, kwa kuwa nchi yetu inaidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari. Na ndege ikiwalaza njiani, uliza mapema: nchi nyingi zinamhesabia msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi yenye hatari kuwa ametoka huko. Aliye na kadi yenye kasoro anaweza kuzuiwa, au kuwekwa chini ya uangalizi hadi siku 6, ambazo ndizo siku za ugonjwa kujificha mwilini kabla ya kujitokeza. Ukimtuma mmoja wao Kalemie siku nyingine, Kongo inaidai kadi kwa kila mgeni mwenye miezi 9 na kuendelea.

Sindano ni moja tu, nusu mililita, chini ya ngozi ya mkono. Tangu 11 Julai 2016 kadi ni ya maisha yote; yale mambo ya kurudia kila baada ya miaka 10 yamekwisha, hata kwa kadi za zamani. Lakini haianzi kazi siku ya sindano. Inaanza siku ya kumi baada yake. Wakichomwa tarehe 10, kadi ni halali kuanzia 20. Mwisho kabisa ni tarehe 19, ili ianze 29, siku yenyewe ya kuvuka, nami sikushauri uende hadi huko. Idi ya kuchinja inaangukia katikati ya mwezi na ofisi zitafungwa. Tena chanjo hii huja mara nyingi kwenye kichupa cha watu kumi. Ikishachanganywa na maji yake inatakiwa iishe ndani ya saa 6, inayobaki inamwagwa, kwa hiyo muuguzi hapendi kukifungua kwa watu wawili. Atakwambia rudi Alhamisi, Alhamisi atakwambia bado hamjatimia. Piga simu kwa watu wa afya bandarini au hospitali ya Maweni, uulize siku wanayofungua, waambie una wawili. Ukisikia jirani naye anasafiri, nendeni pamoja.

Kadi yenyewe ikague palepale dirishani kabla hujatoka. Kila mtoto na kadi yake. Mama na watoto hawachangii moja. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi: kama pasipoti inasema Ramadhani, kadi isiseme Ramadhan wala Rama. Tarehe iandikwe mwezi kwa herufi, yaani 10 June 2024, si 10/06/2024, kwa sababu kuna watu wanaosoma namba hizo kama tarehe 6 Oktoba, na hapo kadi inaonekana ya siku ambayo bado haijafika. Iwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Kuwe na jina la chanjo, mtengenezaji na namba ya toleo iliyoko kwenye kichupa. Hiyo namba ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, maana mchanjaji amesimama na sindano, anasema nitajaza baadaye, na baadaye haifiki. Sahihi iwe ya mkono wake, na mhuri wa kituo usomeke, usigongwe juu ya sahihi mpaka vyote viwe wino mmoja. Neno likikosewa lisikatwe wala kufutwa. Omba kadi mpya, kwa sababu kadi yenye marekebisho inaweza kukataliwa. Mwenye kadi naye anatia sahihi. Ramadhani na Zuhura wanajua kuandika, watie wenyewe.

Usiipeleke kwa wale wa kufunika vitambulisho kwa plastiki. Kadi ina nafasi za chanjo nyingine, na mtu wa mpakani hupenda kuigusa karatasi. Mfuko wa nailoni unatosha. Na wale wanaouza kadi zilizojazwa bila sindano waepuke. Mwenye kadi ya namna hiyo anaweza kupita, lakini mbu hasomi kadi.

Waambie wachanjaji mapema kama mmoja ana mzio mkali wa mayai, au anatumia dawa zinazoshusha kinga. Chanjo hii ina virusi hai waliodhoofishwa, si ya kila mtu. Asiyeweza kuchanjwa hupewa barua ya daktari yenye mhuri, na nchi anakokwenda ndiyo inayoamua kuikubali. Ikitokea wanatakiwa pia kuchanjwa surua, ambayo nayo ni hai, zichomwe siku moja au ziachane kwa wiki 4. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ya wasichana shuleni haina shida nayo, na ya Korona vilevile.

Siku ya sindano wale kwanza. Vijana wa umri wao huzirai kuliko watu wazima, si kwa dawa bali kwa hofu na njaa, hasa wakiwa wamesimama kwenye foleni tangu asubuhi. Wakae dakika 15 kwenye benchi kabla ya kuondoka, na Ramadhani asijifanye shujaa. Homa ndogo na kichwa kuuma huweza kuja siku chache baada ya sindano, parasetamo inatosha. Ila hapo Ujiji msiisingizie chanjo kila homa, mpimeni malaria siku hiyohiyo. Kama watachomwa na ya Korona pia, kifua kikiuma au moyo ukienda mbio ndani ya wiki ya kwanza, ni hospitali moja kwa moja, na kucheza mpira kusimame kwanza.

Kadi zikishajazwa nipigie picha ukurasa ule wa mihuri, mbele na nyuma, unitumie hata usiku. Nikiona kasoro, bado utakuwa na siku za kurudi dirishani. Mpe Baba Ramadhani salamu, na huyo mjomba mwambie awatafutie masweta. Juni ya kwao si ya kwetu.

Wako,
Mama Neema