Nyinyi ni wangapi? Barua kwa vijana wavuvi wa mshipi wa Mombasa

Wanangu, asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe na nyinyi pia hamjambo. Wengi wenu mwanijua kwa sura, ni yule mzee wa kofia ya ukindu anayekaa jiwe la pili pale Mama Ngina maji yakianza kujaa, mwaniita Babu Chubwi kwa sababu kila siku mwaja kuniomba chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, na hamrudishi. Leo siandiki juu ya chubwi. Naandika kwa sababu nina hasira tangu Alhamisi na mke wangu amenambia kama ni kusemasema peke yangu jikoni bora niwaandikie wenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na mkutano wa kutoa maoni juu ya kanuni za uvuvi. Tangazo lilitoka mapema, mimi mwenyewe nikalipiga picha nikalitia kwenye grupu, grupu lina watu zaidi ya mia mbili, na vidole gumba nilivihesabu, arubaini na tatu. Mmoja akaandika "tuko pamoja mzee", mwengine "safari hii lazima watuskize", mwengine akatia sauti ya dakika nne analalamika vile tunavyoonewa, nikaiskiza yote. Basi siku yenyewe tulikuwa watatu. Mmoja ni mimi. Wa pili ni kijana wa Majengo, alikuja na rodi yake manake akitoka pale alikuwa apitie baharini, Mungu ambariki. Wa tatu alifika saa sita na nusu, mkutano umeshafika kwenye soda, akachukua soda.

Sasa tizameni wenzetu. Watu wa BMU, zile kamati za kusimamia fukwe za wavuvi, walikaa viti vya mbele, kila ufukwe na mwenyekiti wake na katibu wake na faili. Mama karanga walikuja kumi na mbili, kina mama wanaonunua samaki wadogo wakawakaanga kando ya barabara, wana karatasi imepigwa chapa na muhuri, na msemaji wao alisimama akasema mambo matatu akaketi. Hata watu wa maboti makubwa, wale wa kuvua sulisuli na nduaro wa Watamu na Malindi, walileta kompyuta na hesabu za samaki waliowatia alama wakawaachia, siku hii na siku hii, bahari hii na bahari hii. Ikafika zamu yetu. Afisa mwenyewe ni msichana mdogo wa umri wa mjukuu wangu, ana adabu zake, akaniuliza, "Mzee, nyinyi wavuvi wa raha wa ufukweni, ni wangapi?"

Nikasema wengi.

Akasema, "Wengi ni kama wangapi?"

Nikamtizama kijana wa Majengo, kijana wa Majengo akatizama rodi yake. Nikasema tuko Lighthouse, tuko Likoni, tuko Tudor, tuko chini ya daraja la Nyali, tuko mpaka Mtwapa na Kilifi. Akaniskiza mpaka mwisho, hakunikata kauli. Kisha akainama akaandika. Mimi macho yangu bado mazuri alhamdulillahi, nikanyoosha shingo nikasoma. Kwenye ile karatasi palikuwa na safu ya jina la kundi na safu ya idadi, na kwenye idadi yetu alikuwa ameandika kistari.

Kistari wanangu! Mimi nimeanza kutupa mshipi na marehemu baba pale Bandari ya Kale kwa kopo la maziwa limezungushwa nailoni, kabla baba zenu hawajaoa, leo nimekuwa kistari. Na sikumlaumu yule binti hata kidogo, angeandika nini? Angeandika "wengi"?

Mwajua nyinyi mna tabia moja yaniuma sana. Mwaamini kulalamika ni kazi. Mtu akishalalamika kwenye simu aona ameshatimiza wajibu, atia simu mfukoni ajisikia mwepesi. Juya, ule wavu wa kukokota, limepigwa marufuku nchi hii tangu 2001 na bado mwaliona linavutwa mchana kweupe, lakokota mpaka vichanga vya tafi vya ukubwa wa kidole, mwalipiga picha, mwalitukana, basi. Ni nani kati yenu amewahi kuandika tarehe, saa na mahali akapeleka ofisini na nakala akabaki nayo? Mikono yote chini.

Nina mpwa wangu yuko Southampton, Uingereza, miaka mingi sasa, naye mgonjwa wa mshipi kama sisi. Alinambia kule England serikali ilifanya uchunguzi ikawahesabu wavuvi wao wa raha wa baharini, 2012, ikapata watu laki nane na elfu themanini na nne, wanatumia pauni bilioni 1.23 kwa mwaka kwa chambo na rodi na petroli na mahali pa kulala. Na vyama vyao vya samaki wa bahari na wa mito vilikuwa vimejigawa huku na huku, 2009 vikaungana vikawa kimoja. Msidhani basi wakawa wafalme. Samaki wao wanayempenda, besi, alipopungua walibanwa vibaya, 2015 waliambiwa samaki watatu kwa mtu kwa siku na asiwe chini ya sentimita 42, na 2018 mwaka ulianza wameambiwa wasichukue hata mmoja, ukimvua mrudishe. Wenye maboti wanaovua samaki wa kuuza wakaachiwa kiasi chao. Basi wakapiga kelele, wakaandika, wakaenda kwa wabunge wao na zile hesabu mkononi, na kufika Oktoba mwaka huohuo wakarudishiwa samaki mmoja kwa siku. Mmoja tu! Mpwa wangu alinipigia simu amefurahi kama ameoa. Mimi nikacheka, lakini baada ya Alhamisi sicheki tena, manake sisi hata huyo mmoja tukinyang'anywa hakuna atakayejua amemnyang'anya nani.

Na msinambie serikali haitaki kutuskiza, kwanza tuwape kitu cha kuskiza. Sheria ziko. Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe. Sheria ya 2013 ya kanuni zinazotungwa na mawizara yasema wanaoguswa waulizwe kabla. Sheria ya uvuvi ya 2016 nayo ipo. Tatizo letu jengine ni kuwa samaki ana baba wawili, serikali kuu ina lake juu ya uvuvi na kaunti ina lake, ukienda huku waambiwa nenda kule, mguu wazunguka mpaka kiatu chaisha. Hilo ni kosa lao, nimewaambia pale pale na nikapigiwa makofi na mama karanga. Lakini mtu aliye na karatasi azungushwa mara mbili, asiye na karatasi azungushwa maisha.

BMU nazo zilipowekewa kanuni zake 2007 ziliwekwa kwa ajili ya wenye vyombo, mabaharia wao, wachuuzi, watu ambao bahari ndiyo unga wao. Ni haki yao na msiende kugombana nao. Lakini sisi wa fimbo na jiwe hatumo, na serikali ikisema uvuvi wa michezo yawaza mgeni kwenye boti amefungwa mkanda anavutana na nduaro, haiwazi fundi wa pikipiki wa Kisauni aliyefunga karakana saa kumi na moja jioni akaja kutafuta kolekole mmoja ndio alale vizuri. Hapo katikati ndipo tulipo, hatuko kwa maskini wala kwa matajiri, na ndipo kistari kilipotoka.

Laisensi ya kuvua. Najua mwaipinga. Mimi pia niliipinga miaka, nilisema bahari ni ya Mungu mbona nilipie. Sasa nimebadili na mtanisamehe. Niko tayari kulipa, si pesa ya kumuumiza kijana, pesa ya sahani ya pilau kwa mwaka, mradi jina langu liandikwe na nipewe risiti, na pesa irudi kwenye ngazi za kushukia maweni na taa za usiku. Ikichukuliwa ikapotea kule juu basi na mimi narudi upande wenu siku hiyohiyo.

Na hili la kuuza. Kuna watu kati yenu, siwataji, mama zenu nawaheshimu. Mtu ana kazi ya ofisi, aja Jumamosi na rodi ya elfu ishirini, apata nguru wawili, akishuka tu awauza pale barabarani kwa bei ya chini kuliko mvuvi aliyelala baharini na mtumbwi unaovuja. Kisha alalamika wavuvi wa kazi wamtizama kwa jicho baya. Ukiuza wewe si wa raha tena, wewe ni mchuuzi, nenda ukajiandikishe huko, ulipe wanacholipa wenzako. Mimi samaki wangu nala, wa pili nampa jirani, wa tatu namrudisha. Mke wangu asema simrudishi huwa ameniponyoka, hayo ni yake.

Na picha zenu. Juzi mmoja alitia picha ya changu wameangikwa kwenye kamba kama nguo, wengi hawafiki kiganja, na kichwa cha habari "leo bahari imetoa". Bahari haikutoa, wewe umepokonya. Na chewa, wallahi mkinifuata kwa hili peke yake nitawasamehe chubwi zote: chewa wengi huzaliwa majike, wakishakua sana ndio baadhi yao wageuka madume. Sasa ukimtoa kila mkubwa kwa sababu ya picha umebakisha nini pale mwambani? Majike yanangojea bwana harusi aliye kwenye friji yako. Nilipata mmoja 1991, siku ya bamvua, yale maji makubwa, upepo wa kaskazi umetulia, alikuwa mzito mpaka baba alikuja kunishika kiuno, nikampandisha, nikampeleka nyumbani kwa mkokoteni watu wanashangilia njia nzima. Nililisifu jambo lile miaka. Nimerudi jiwe lile kwa miaka zaidi ya kumi baadaye na sikupata tena chewa wa nusu yake. Daftari langu lasema hivyo, sisemi mimi.

Ee, daftari. Nina madaftari sita ya shule, tangu 1983. Mwandiko mbaya, lakini kila siku niliyovua imo: maji, bamvua au maji mafu, upepo, chambo, nimepata nini, nimerudisha nini, na siku nilizorudi mikono mitupu pia nimeandika, na hizo ndizo muhimu. Alhamisi niliyabeba kwenye mfuko wa Rambo, na yule binti alipoyaona aliweka kalamu chini, akayafungua, akakaa nayo kitambo mpaka aliyefuata akaanza kukohoa. Akaniuliza kama naweza kumtolea kopi. Katika mkutano wote kitu chetu kilichotizamwa ni hicho tu, daftari la shilingi hamsini lenye harufu ya ngisi. Sasa fikirini yangekuwa madaftari mia mbili.

Mengine nayasema harakaraka manake mkono umechoka. Nailoni iliyokatika rudini nayo nyumbani, kasa hafi kwa kupenda. Hifadhi ya bahari ni hifadhi, msiingie usiku mkasema hamkuona boya. Ndani ya mtumbwi vaeni jaketi la kuelea, hata ukijua kuogelea. Mkipita kwa wavuvi wa kazi salimieni kwanza. Usitupe mshipi juu ya kichwa cha mwenzio.

Lakini kuna jambo silo lenu nyinyi na hili nalisema nikiwa na uchungu. Hebu hesabuni njia za kushukia baharini mlizozijua utotoni kutoka Nyali mpaka Shanzu. Ngapi ziko wazi? Ukuta huku, geti kule, mlinzi akuuliza wewe ni mgeni wa nani, na wewe babu yako alikuwa akipita hapo na dema lake la kutegea samaki begani. Watu wazima tulinyamaza zilipokuwa zikifungwa moja moja, kila mmoja alisema si njia yangu, mimi napita ile nyengine. Kizazi chetu kiliharibu hapo na mimi nimo. Kwa hiyo ninapowagombeza msidhani najiona malaika, mimi najua kunyamaza kunakotoka na kunakokwenda.

Na nyinyi nawapenda, hilo msilisahau. Usiku ule mlipomtafuta mwenzetu aliyeteleza maweni, hamkulala, mkashuka na tochi za simu mpaka mkampata yu hai ameshika jiwe, watu wasio na chama wala muhuri. Nguvu hiyo nimeiona kwa macho yangu, ndiyo maana kile kistari kimeniingia moyoni namna hii.

Basi nimeuliza. Kusajili kikundi cha jamii, sheria ya 2022 yataka watu kumi tu. Kumi! Kwenye vidole gumba arubaini na tatu. Jumamosi hii baada ya alasiri niko pale Mama Ngina chini ya mbuyu wa karibu na jiwe langu, maji yatakuwa yametoka hamna cha kuvua msijisingizie. Nina daftari jipya, kalamu mbili, na mke wangu atatuma mahamri. Njooni na kopi ya kitambulisho, na mtu aandike jina lake, simu, mahali anapovua na siku anazovua. Jina la kwanza nimeshaandika langu, la pili la kijana wa Majengo. Aliyechukua soda naye aje, nafasi ya tatu nimemuwekea.

Na chubwi zangu, zile tatu za risasi, aliyenazo anajijua.

Babu yenu wa jiwe la pili